Gari Moja kwa Siku: Majitaka ya Mji Mdogo na Hesabu Isiyopigwa

Mwaka 1973 kampeni ya "Mtu ni Afya" iliwakusanya Watanzania mbele ya redio, kikundi kwa kikundi, kijiji kwa kijiji. Watu wazima wapatao milioni mbili walishiriki, na baada yake vyoo vya shimo vilichimbwa kwa mamia ya maelfu. Kipindupindu kilipozuka Dar es Salaam Agosti 2015, kikasambaa mikoani na kuwapata watu zaidi ya 20,000, nchi ilikumbushwa kwa uchungu kwamba kazi haijaisha. Mwishoni mwa 2017 ikaja "Nyumba ni Choo". Kampeni zote mbili ziliokoa maisha, na zilistahili kila shilingi iliyotumika. Lakini zote ziliishia mlangoni pa choo. Shimo hujaa. Na likijaa, mji mdogo wenye stendi, soko, gesti kumi na zahanati mbili hauna jibu.

Jibu ambalo wengi hulisubiri ni mradi mkubwa: mabomba chini ya barabara, mtambo wa kisasa pembezoni, mfadhili kutoka nje. Naamini kusubiri huko ndiko kunakotuumiza. Mji wa watu 20,000 hauhitaji kuanzia pale ambapo jiji limefikia. Unahitaji kwanza kujua unatoa uchafu kiasi gani, wa aina gani, na nani ameupokea mkononi. Hesabu hiyo si ngumu, ila mara nyingi haipigwi.

Tuanze na tope kinyesi, yaani kile kinachobaki ndani ya shimo au karo baada ya maji kupenya ardhini. Katika choo cha shimo kila mtu huongeza takribani lita 40 hadi 60 za tope kwa mwaka. Tuchukue lita 50. Watu 20,000 watatoa mita za ujazo 1,000 kwa mwaka, hata kama kila choo cha mji kingenyonywa na hakuna kilichofukiwa. Gawanya kwa siku 300 za kazi: ni mita za ujazo tatu na kidogo kwa siku. Hilo ni gari moja dogo la majitaka, safari moja. Kwa hesabu ya watu watano kwa kaya, mji una vyoo 4,000, na kila kimoja hukusanya mita moja ya ujazo kila baada ya miaka minne.

Tope hilo likiletwa kwenye vitanda vya kukaushia, yaani mabirika mapana yenye mchanga juu ya kokoto na bomba la kukusanya maji chini, eneo linalohitajika ni dogo kuliko watu wanavyofikiri. Tope la kawaida lina kilo 40 hivi za ugumu, yaani kile kinachobaki maji yote yakiondoka, katika kila mita ya ujazo, na mita moja ya mraba ya kitanda katika nchi ya joto hubeba kilo 100 hadi 200 za ugumu kwa mwaka. Ukichukua kilo 150, mji mzima unahitaji mita za mraba 270 hivi za vitanda, chini ya nusu ya eneo la penalti la uwanja wa mpira. Ongeza bwawa dogo la maji yanayochuja, banda la kuhifadhia tope kavu, kisima cha kupima maji ya ardhini, uzio na nyumba ya mlinzi: bado uko ndani ya ekari moja au mbili. Shinyanga au Dodoma jua litakausha tope la unene wa sentimita 20 hadi 30 kwa wiki mbili hivi wakati wa kiangazi. Tukuyu, ambako mvua hupita milimita 2,000 kwa mwaka, vitanda lazima viezekwe paa linalopitisha mwanga, la sivyo unakausha mchana kinacholoweshwa tena usiku.

Sasa linganisha na mtandao wa majitaka. Katika bomba la kawaida kinyesi husukumwa na maji: kama hayatoshi, hukwama njiani na chemba hufurika barabarani. Wahandisi huchukua lita 80 au zaidi zinazoingia bombani kwa kila mtu kwa siku. Sera ya Maji ya Tanzania ya 2002 iliweka lengo la lita 25 kwa mtu wa kijijini, kutoka kituo kilicho ndani ya mita 400. Mwananchi anayebeba ndoo mbili kutoka kioski hawezi kusafisha bomba la mji kwa maji aliyotoa jasho kuyapata. Gharama nayo inalala ardhini: sehemu kubwa ya fedha za mfumo wa majitaka huenda kwenye mabomba na uchimbaji, si kwenye mtambo. Kwa hiyo mji wenye nyumba zilizotawanyika hulipia kilomita nyingi kwa kaya chache, na kaya hizo hukataa kuunganishwa kwa sababu ada ya kuunganisha inapita uwezo wao. Mtambo uliojengwa kwa ajili ya watu 20,000 hujikuta ukipokea maji ya watu elfu moja.

Kuna njia ya katikati. Huko Natal, Brazil, mwanzoni mwa miaka ya 1980, wahandisi walianza kulaza mabomba membamba kwa kina kifupi, yakipita nyuma ya nyumba na chini ya vijia badala ya katikati ya barabara za magari. Gharama ilishuka sana, na wakazi wenyewe wakawa sehemu ya matunzo. Mfumo huo sasa unatumika Mukuru, Nairobi. Kwa mji mdogo unafaa katikati tu, kwenye msongamano wa soko na stendi, ambapo maji yapo na viwanja havina nafasi ya shimo la pili.

Na pale ambapo mtandao umekwisha kuwapo au utakuja, mtambo wa kusafishia ninaoutetea bila kusita ni mabwawa. Jua tunalo, ardhi bado tunayo, na umeme ndiyo bili inayoua mitambo ya kisasa: mashine za kupuliza hewa zikizimwa siku chache kwa kukosa fedha za Luku, bakteria hufa na maji machafu hupita kama yalivyoingia. Bwawa halina cha kuzimwa. Duncan Mara, mhandisi wa Chuo Kikuu cha Leeds aliyewahi kufundisha Nairobi, pamoja na wenzake waliandika mwaka 1992 mwongozo wa kubuni mabwawa mahsusi kwa Afrika Mashariki, na kanuni zake bado zinatumika.

Mabwawa hufanya kazi hivi. Bwawa la kwanza lina kina cha mita tatu hadi tano na halina hewa. Uchafu mzito hushuka chini, bakteria wasiohitaji oksijeni huula, na kwa joto la nyuzi 25 asilimia 70 hivi ya uchafu unaooza huondoka ndani ya siku moja au mbili. La pili lina kina cha mita moja na nusu. Juu yake mwani wa kijani hutengeneza oksijeni mchana, na bakteria huitumia kumalizia kazi. Mwani huohuo hunyonya kaboni na kuyafanya maji kuwa na alkali kali saa za jua. Kisha hufuata mabwawa mawili au matatu ya kukomaza, yenye kina cha mita moja, ambapo jua, alkali na muda huua vijidudu, na mayai ya minyoo huzama chini. Mji wetu wa watu 20,000, wote wakiunganishwa, ungehitaji bwawa la kwanza la mita za ujazo 2,300, la pili la hekta 0.7, na ya kukomaza yenye jumla ya hekta karibu mbili. Ukiongeza matuta na njia, tenga hekta nne au tano. Nyanda za juu hesabu hubadilika: mwezi wa baridi ukiwa na wastani wa nyuzi 15, bwawa la pili lazima liwe zaidi ya mara mbili ya hilo. Michoro iliyonakiliwa kutoka pwani haitafaa Njombe.

Je, mbona mabwawa mengi tunayoyajua yananuka na kutoa maji ya kijani mazito yanayowaudhi majirani? Sababu ya kwanza ni tope lililolala chini miaka kumi na tano bila kuondolewa. Bwawa la kwanza likijaa tope hadi theluthi moja ya ujazo wake, lisafishwe. Kazi hiyo haihitaji mhandisi, inahitaji bajeti iliyoandikwa mapema. Sababu ya pili ni magugu: yakifunika maji, mwanga haupiti, mwani hufa, na kingoni mbu huzaliana. Hapo kinachotakiwa ni mtu mwenye fyekeo na mshahara unaolipwa kwa wakati.

Sababu ya tatu ndiyo inayosahaulika zaidi. Magari humwaga tope la vyoo moja kwa moja kwenye mabwawa yaliyobuniwa kwa majitaka ya bomba. Majitaka ya bomba ni maji kwa asilimia 99.9. Tope la choo cha umma ni kitu kingine kabisa: gari moja la mita tano za ujazo linaweza kubeba uchafu unaotolewa na watu elfu moja kwa siku nzima. Magari matano asubuhi moja, na bwawa la mji mdogo limelemewa. Tope lazima litenganishwe kwanza, ugumu uende vitandani, na maji yake tu ndiyo yaingie bwawani.

Turudi kwenye choo kilichojaa, kwa sababu hapo ndipo afya ya mji inapoamuliwa. Mwenye kiwanja kikubwa hufukia shimo na kuchimba jipya, na hilo ni jambo la busara kabisa: tope lililofunikwa vizuri miaka kadhaa, mbali na maji ya ardhini, halimdhuru mtu. Tatizo huja kiwanja kikiwa cha mita 20 kwa 20, kikiwa na wapangaji wanne na mashimo mawili ya zamani tayari. Hapo huitwa vyura, vijana wanaoingia shimoni kwa mikono na ndoo, mara nyingi usiku, bila glavu wala buti za maana, na tope huzikwa kwenye shimo la pembeni. Au husubiriwa mvua kubwa, ukuta wa shimo ukatobolewa na choo kikatapishwa kwenye mfereji. Dar es Salaam neno hilo la kutapisha linajulikana kila mtaa wa bondeni. Sasa linahamia wilayani.

Siwalaumu wenye nyumba kwa urahisi. Gari la majitaka la karibu huenda liko makao makuu ya mkoa, na bei yake hulipia mafuta ya kwenda na kurudi, pengine kilomita 150. Likifika, dereva hana mahali pa kumwaga tope, kwa hiyo atamwaga porini au shambani kwa mtu anayetaka mbolea bila kujua anapokea nini. Sheria ikimkamata, ataacha kuja. Kila mahali ambapo sehemu ya kumwaga haipo, faini huongeza tu giza la kazi. Jenga vitanda kwanza, ndipo uchukue hatua kali kwa anayemwaga kwingine.

Mashimo nayo hayanyonyeki yote. Tope kongwe hugeuka gumu kama udongo, na ndani yake mna chupa, matambara, taulo za kike na vipande vya tofali. Bomba la gari huziba. Pampu ya mkono iitwayo Gulper, iliyobuniwa kwa ajili ya vijia vya mitaa ya watu maskini, imesaidia kwa sababu hufika pasipofika gari na hupandisha tope zito kwenye mapipa. Wanaoifanya kazi hiyo wanastahili leseni, chanjo ya pepopunda na ya homa ya ini, mavazi, na heshima ya kuifanya mchana.

Hakuna mahali panapoonyesha ugumu wa njia ya gari kama Lamu. Vichochoro vya mji mkongwe, uliotambuliwa na UNESCO mwaka 2001, vinapitisha punda na watu. Mashimo ya vyoo yamekaa karibu na visima vifupi, na mji umekuwa ukitegemea maji matamu yaliyo chini ya matuta ya mchanga ya Shela. Kujenga juu ya matuta hayo, au kuchimba mashimo ya vyoo humo, ni kuhatarisha kikombe cha mji wote. Katika pwani ya matumbawe, kuanzia Kilwa hadi Pemba, ule umbali wa mita 30 kati ya choo na kisima unaofundishwa na maafisa afya hautoshi kuwa kinga: maji hupita kwenye nyufa za jiwe bila kuchujwa, tofauti na yanavyopita kwenye mchanga. Huko karo lisilovuja, linalonyonywa kwa ratiba, ni lazima, na mashua au mkokoteni wa punda vinaweza kuwa sehemu halali ya mpango wa usafirishaji.

Kabla ya kufika kwenye kaya, halmashauri yenye fedha kidogo iwaangalie wachafuzi wachache wakubwa. Machinjio yaje kwanza. Damu mbichi ina nguvu ya uchafu inayopita miligramu 100,000 kwa lita kwa kipimo cha BOD, yaani oksijeni ambayo bakteria huhitaji kuuozesha, ilhali majitaka ya kawaida ya nyumbani yana mamia tu, na kiwango cha Tanzania cha TZS 860 kinaruhusu miligramu 30 pekee kwa maji yanayorudi kwenye mto au ziwa. Damu ikikingwa kwenye ndoo na kukaushwa iwe chakula cha kuku, mji umeondoa mzigo mkubwa bila kujenga chochote. Ikishaachwa ichanganyike na maji ya kuoshea sakafu, kila lita itasafishwa kwa gharama.

Stendi, hospitali ya wilaya na shule za bweni zifuate. Kwa hizo mfumo mdogo wa palepale unatosha: birika la kutuliza, vyumba vya mfululizo ambamo maji hupanda na kushuka katikati ya tope lenye bakteria, kisha kitanda cha kokoto kilichopandwa matete. Hauna pampu ukijengwa kwenye mteremko. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wamefanya kazi hii ya mabwawa na vitanda vya matete tangu miaka ya 1990, na ujuzi huo uko nyumbani.

Sasa nani mwenye kazi? Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya 2019 iliunda wakala wa maji, RUWASA, kwa ajili ya vijijini, na miji yenye mamlaka za maji ikabaki na mamlaka zake chini ya udhibiti wa EWURA. Choo cha kaya hukaguliwa na afisa afya wa halmashauri. Mto una bodi ya bonde, na mazingira yana NEMC. Kila mmoja ana kipande chake, na tope likiwa barabarani ndani ya gari huwa halina mwenyewe. Kenya, Katiba ya 2010 inataja usafi wa mazingira kuwa haki katika kifungu cha 43, na kaunti zina wajibu huo, lakini huko pia mji mdogo husubiri nyuma ya makao makuu ya kaunti. Pendekezo langu ni kwamba chombo kinachotoa ankara ya maji ndicho kipewe tope kwa maandishi, kwa sababu ndicho chenye orodha ya wateja, mhasibu na mtu anayepita nyumba kwa nyumba kila mwezi. Afisa afya abaki mkaguzi wake. Mtu asijikague mwenyewe.

Kuhusu fedha, mfano ninaouheshimu zaidi uko Wai, mji mdogo wa jimbo la Maharashtra, India. Tangu 2018 halmashauri yake inanyonya makaro yote kwa zamu ya miaka mitatu, mtaa baada ya mtaa, na gharama hulipwa kupitia kodi ya usafi, si kwa malipo ya siku ile choo kinapofurika. Tofauti hiyo inabadilisha kila kitu. Anayelipa kwa dharura hutafuta bei ya chini kabisa, na bei ya chini kabisa ni mfereji. Gari linalozunguka kwa ratiba halirudi tupu, halisafiri kwa nyumba moja, na mkandarasi anajua mwaka mzima atapata nini. Kwa mji wetu wa vyoo 4,000, ratiba ya miaka minne ni vyoo 1,000 kwa mwaka, vitatu au vinne kwa siku. Gharama ya kunyonya choo kimoja ikigawanywa katika ankara 48 za kila mwezi, inakuwa kiasi ambacho mama wa kioski anaweza kukimudu, na wenye gesti walipe zaidi kulingana na vyumba vyao.

Uganda imeongeza wazo jingine: mtambo mmoja wa tope, kama ule wa Kiboga, unahudumia miji midogo ya jirani. Barabara zikiwa nzuri na umbali mfupi, hilo ni jambo jema. Umbali ukizidi, dereva atarudi porini.

Mapato ya kuuza mbolea au makaa yaliyotokana na tope hayatalipa mshahara wa mlinzi, na mradi unaoahidi hivyo utazamwe kwa uangalifu. Lakini matumizi yenyewe yana thamani. Naivasha, tope limetumika kutengeneza vitofali vya kuni vinavyochomwa viwandani badala ya miti. Mjini Moshi, maji yaliyopita mabwawani yamemwagilia mpunga kwa miaka mingi. Mkulima apewe maji yenye si zaidi ya bakteria 1,000 wa kinyesi katika mililita 100, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani lilikiweka 1989 kwa mboga zinazoliwa mbichi, na tope kavu likae zaidi ya mwaka mmoja katika nchi ya joto kabla ya kufika shambani, au lioze kwa joto la nyuzi 50 na zaidi. Mayai ya minyoo ni sugu, na mtoto anayecheza bustanini ndiye hupima kama ghala lilifunguliwa mapema.

Kitu kimoja hakiwezi kungoja ratiba wala kodi, nacho ni ardhi. Mabwawa ya Vingunguti, Dar es Salaam, leo yamezungukwa na nyumba, na majirani wanavumilia harufu. Katika mji mdogo hekta tano upande unakoelekea upepo, chini ya mteremko, mbali na visima, bado zinapatikana leo kwa bei ya shamba, na miaka kumi ijayo zitakuwa viwanja. Halmashauri ikizipima mwaka huu, ikapanda miti mipakani na kuzisajili kwenye mpango wa mji, inaweza kujenga vitanda vya gari moja kwa siku kwenye kona yake ndogo, na kuacha nafasi iliyobaki kwa ajili ya mabwawa ambayo wajukuu wa wakazi wa sasa watahitaji mabomba yatakapofika.